Jotham Mwasumbi na Sindano Alizoziacha Mtungini

Ndugu waombolezaji, wasifu mlionao kwenye ratiba, ukurasa wa pili, umeandikwa na kamati ya mazishi. Mwenyekiti wa kamati ni baba mdogo Meshaki, mdogo wake marehemu. Humo imeandikwa kwamba marehemu "aliugua kwa muda mfupi". Muda mfupi! Baba kaishi na kisukari miaka kumi na tatu. Kwa hiyo mimi Tulinagwe, mwanawe wa kwanza, nitasoma huu wangu wa kwenye daftari, na asiyetaka kusikia asogee kule kwenye migomba.

Marehemu mzee Jotham Mwasumbi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapahapa Masukulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Alimaliza darasa la saba mwaka 1974. Hakuchaguliwa kuendelea na masomo, lakini kwa mwandiko alimshinda hata mwalimu wake.

Mwaka 1979 aliajiriwa kuwa karani wa mizani kwenye kituo cha kupokelea majani ya chai, akafanya kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 2018. Wakulima mliopo mnamjua. Aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa mizani, akatamka namba kwa sauti, ndipo akaandika. Mkimharakisha alisema, "Ngoja mwe, namba haikimbii." Mwaka 1984 alifunga ndoa na mama yetu, Elina, wakajaliwa watoto watatu.

Mwaka 2012 aligundulika kuwa na kisukari, na mwaka 2019 akaanzishiwa sindano za insulini. Nyumbani hakuna friji. Mdogo wangu Beatrice alipomletea simu ya kupangusa, mzee alitafuta mtandaoni namna ya kutunza dawa isipate joto, akaona watu wanaweka mtungi ndani ya mtungi na kujaza mchanga wenye maji katikati. Hakukurupuka. Alikwenda kliniki Tukuyu, akamwonyesha muuguzi Lilian video ile, na Lilian akamwambia itafaa, akamwelekeza. Wajukuu walidhani ni mtungi wa maji ya kunywa, basi babu yao akauandika kwa chaki: "DAWA YA BABU. MWENYE KIU AENDE KISIMANI." Chaki hiyo haijafutika mpaka leo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwishoni mwa mwezi Aprili mwaka huu, 2025, baba mdogo Meshaki alituma video kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mtu kavaa koti jeupe, anasema sindano ndiyo inayoua kongosho. Eti uache siku arobaini, unywe maji ya majani aliyochemsha yeye, na ukitapika au kulegea usiogope, sumu inatoka. Hiyo mzee hakuipeleka kwa Lilian; aliacha sindano, akaanza kunywa. Nilimpigia simu kutoka Mbeya nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mwanangu, ile ya mtungi ilitoka kwa mtu nisiyemjua, ilibidi niulize. Hii kanitumia mdogo wangu."

Na kwa kuwa alikuwa karani, kila asubuhi alipima sukari na kuandika namba kwenye kundi. 14. 19. 24. Inapanda tu. Tulikuwa watu arobaini na mmoja humo, na wengi mmekaa hapa mbele yangu. Mliandika nini? "Amina." "Hongera kaka, sumu inatoka." Vidole gumba vimejaa kioo kizima! Niliandika, "Baba, rudi kwenye sindano." Baba mdogo akasema navunja imani ya mgonjwa, akanitoa kundini. Nami nikasusa, nikasema nitakuja mwisho wa wiki. Hilo ni kosa langu na silikani.

Jumapili tarehe 1 Juni alitapika kutwa nzima. Jumatatu aliandika 28, na watu sita wakajibu Amina. Jumanne tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi, alifariki njiani kwenda hospitali, kichwa kikiwa mapajani mwa mama. Chupa tatu za insulini bado zimo mtungini, hazijafunguliwa.

Marehemu ameacha mjane, Elina, watoto watatu, mimi, Beatrice na Jairo, wajukuu saba, mdogo wake Meshaki, na dada yake, shangazi Esnath wa Kiwira.

Shangazi, usijifunike khanga. Jana tukimenya ndizi jikoni uliniambia nawe umeacha sindano, umefika siku ya kumi na nane. Nikakuuliza, hata baada ya haya? Ukasema, "Kaka yangu alikosea, hakufikisha arobaini." Kaka yako yuko kwenye jeneza, shangazi, nawe bado unahesabu siku! Leo hatumalizi kula matanga kwanza. Tukishafukia hapa, Jairo anawasha gari, tunakwenda kliniki, mimi na wewe, na baba mdogo Meshaki atakaa kiti cha mbele amweleze Lilian hayo ya sumu, nisikie. Ukikataa kupanda, basi umpe baba mdogo kabisa tarehe yako ya kuzaliwa, kwa sababu wasifu wa "aliugua kwa muda mfupi" anajua kuandika.

Baba, ndaga fijo, asante sana kwa kutulea. Pumzika wewe kwa amani. Sisi huku hatujapatana bado.