Glasi za Bi Odile Gaucherot

Ijumaa tarehe 28 Juni 2019, saa tano asubuhi, Bi Odile Gaucherot anaagwa rasmi baada ya kuitumikia nyumba ya shampeni ya Brisseval, hapa Épernay, kwa miaka thelathini na saba na miezi tisa. Sherehe itafanyika katika ukumbi mkubwa. Mwenyewe hajakubali kuja. Nimeombwa niandike maneno haya ya ratiba ya sherehe kana kwamba atakuwepo, nami naandika kwa matumaini hayo, ingawa kwa jinsi ninavyomfahamu siwezi kuapa.

Mimi ni Ghislain Aubertin, mmiminaji wa chumba cha kuonjea. Kwa miaka ishirini na sita nimemimina mvinyo katika glasi alizoosha yeye. Hiyo ndiyo kazi yake yote, glasi. Wageni wetu huelezwa habari za mahandaki ya kuhifadhia mvinyo, za miamba ya chaki yalimochimbwa, za chupa zinazolala gizani miaka sita. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuelezwa habari za sinki lililo nyuma ya mlango wa kijani.

Alikuja Septemba 1981, akiwa na miaka ishirini na minne, kuchuma zabibu kwa siku nane tu. Siku ya pili alimkata kidole kwa mkasi mwanamume aliyekuwa akichuma upande wa pili wa mzabibu uleule. Msimamizi akamtoa shambani kabla hajamaliza vidole vya watu, akampeleka jikoni kuosha vyombo vya wachumaji. Mwenye kidole, Norbert Gaucherot, akamfuata huko kudai aombwe radhi vizuri, na mwaka uliofuata wakaoana. Mavuno yakaisha, wachumaji wakarudi makwao, Odile akabaki kwenye sinki.

Masharti yake kila mtu hapa anayajua. Sabuni ni marufuku, ni maji ya moto matupu. Kila glasi hukaushwa kwa kitambaa cha kitani, na vitambaa hivyo alivifua mwenyewe nyumbani kwake bila kutia kitu cha kunukia. Kisha huinusa glasi, moja baada ya nyingine. Meneja mmoja wa mauzo aliyefika amejipulizia manukato alirudishwa mlangoni kama mwanafunzi aliyesahau daftari. Hata marehemu Bi Solange Brisseval, mama wa mkurugenzi wetu, hakuachwa. "Mama, futa hiyo rangi ya midomo," aliambiwa mbele ya wageni wake. "Mafuta yanaua povu, halafu mtasema kosa ni la mvinyo." Bi Solange akafuta.

Kila Februari, mvinyo mchanga unapoonjwa ili uchanganywe, waonjaji watano huonja aina thelathini na sita kila asubuhi. Hizo ni glasi mia na themanini kabla ya chakula cha mchana. Waonjaji wakisema ulimi umechoka, huletewa mkate na maji, wakapumzika. Bi Odile alikuwa na kiti kimoja cha mbao, na juu yake alianika vitambaa. Viungo vya vidole vyake vimevimba siku nyingi, na magoti yamekataa ngazi. Mimi mwenyewe nachoka nikiandika tu.

Machi 2011 kampuni ilinunua mashine ya kuoshea. Bi Odile akaambiwa apumzike nyumbani wiki mbili, wakubwa wafikiri watampangia nini. Ilikuwa njia ya adabu ya kumwonyesha mlango. Siku ya nne wakaja wanunuzi kumi na watatu kutoka Copenhagen. Nilimimina shampeni ya mwaka 2002, fahari ya nyumba hii, ikatulia ndani ya glasi kama maji ya ndoo. Hakikupanda kiputo hata kimoja. Bwana Hautecoeur, mkuu wa mahandaki, akafungua chupa ya pili, kisha ya tatu, jasho jembamba likimtoka. Mnunuzi mmoja akaanza kufunga mkoba wake.

Nikampigia simu Bi Odile, anakaa mtaa wa pili tu. Alifika na ndara za nyumbani, kitambaa begani. Akachukua glasi moja, akaifuta ndani, akanikabidhi.

"Mimina."

Viputo vikapanda mstari mmoja mwembamba, havikukatika.

"Mvinyo hauna kosa," akamwambia Bwana Hautecoeur. "Mashine yenu imesafisha mno. Kiputo hakizaliwi mahali patupu. Lazima ubaki uzi wa kitambaa, mdogo hata usiuone."

"Mbona hukuwahi kutuambia, Odile?"

"Mliwahi kuniuliza?"

Wanunuzi wakaagiza, mashine ikaondolewa. Mchana huohuo ikafanywa karamu ya kushangilia, watu sitini, kila mmoja glasi nne, na aliyeziosha zote ni yeye, angali na ndara. Katika hotuba lilishukuriwa jua, ikashukuriwa ardhi, ukashukuriwa uvumilivu wa waasisi. Nilikuwepo, nikapiga makofi. Naona haya mpaka leo.

Jalada la ratiba hii halina picha yake. Tumepekua makabati yote ya nyumba, tukapata kiwiko chake tu, pembeni mwa picha ya mavuno ya 1996.

Mwezi uliopita nilimpelekea mwaliko. Nilimkuta ameketi, Norbert akimkanda miguu.

"Ghislain, sherehe zote za pale nimezisikia nikiwa nyuma ya mlango," alisema. "Nimechoka. Na si uchovu wa leo wala wa jana."

"Lakini hii ni yako, Bi Odile."

"Sawa, ni yangu. Na nani ataosha?"

Nilirudi kazini na mwaliko mkononi, nikaenda moja kwa moja kwa mkurugenzi, Bi Clémence Brisseval, nikamweleza swali la Bi Odile. Mkurugenzi akauliza vitambaa vinawekwa wapi. Tangu Jumatatu tunajifunza: Bi Clémence anaosha, Bwana Hautecoeur anakausha, mimi nanusa. Tumevunja glasi kumi na moja. Bwana Hautecoeur analalamika mgongo, na hajafikisha mia.

Basi, Bi Odile, jibu lako ndilo hilo. Tunakushukuru, na tunajua tumechelewa. Kiti cha mbele ni chako, na cha pili ni cha Norbert. Tunawatakia nyote wawili afya, na asubuhi nyingi zisizo na haraka. Njoo hivyohivyo ulivyochoka. Ukimaliza kunywa, iache glasi hapohapo mezani, uende zako nyumbani.