Feni Iliyokuja na Boksi

Benchi lenyewe lina miguu mitatu na tofali moja, na limeegemea dirisha la duka la kuchapa. Ndani ya dirisha ndimo ilimo kompyuta ya Mama Chapa. Nje ndipo walipo wajuzi wake. Asubuhi hiyo ilikuwa imezima tena, katikati ya katiba ya chama cha washonaji, ambayo ofisi ya usajili iliitaka kabla ya adhuhuri, la sivyo chama kingojee mwaka mwingine. Mama Chapa akatoka na chupa ya kahawa, uso umekunjamana kama karatasi iliyokwama kwenye printa. Alijua watakachosema. Wakakisema.

— Ni joto hilo, feni ya prosesa haitoshi, — akaanza Fundi Waya. — Dada, feni ya kiwandani ni ya kuanzia maisha tu. Tufunge kubwa.

— Sifungi. Ilikuja boksi moja na prosesa. Aliyezaa hajui joto la mwanawe?

— Feni ya bure hiyo!

— Hata pumzi unavuta bure, sijakusikia ukilalamika.

Mstaafu, aliyekaa masjala mpaka akanuka faili, akakohoa.

— Inazunguka mno. Haraka haraka haina baraka. Ofisini kwetu ilikuwepo ya namna hiyo, tukaiandikia barua ya onyo.

— Feni?

— Nakala kwa mkuu wa idara. Ikatulia.

— Ilitulia au ilikufa?

— Faili lilifungwa.

Fundi hakukubali kupitwa.

— Basi tuipoze kwa maji. Siku hizi zipo kompyuta za hivyo, na mabomba yake.

— Mimi mwenyewe bomba langu limekauka tangu juzi, kompyuta ndiyo ioge? Halafu niambie, mbona ukiipeleka karakana kwako haizimi?

— Kwangu inaogopa.

— Mchawi mpe mwanao akulelee, — akasema Mstaafu, na hakuna aliyemuuliza ana maana gani.

— Semeni mpaka jua lizame. Feni yangu inatosha!

Alisema hivyo, lakini jicho lilimponyoka likaenda kwenye saa ya ukutani.

Hapo akafika mshonaji mmoja, kaijia katiba yao. Akachungulia dirishani, akapitisha mkono, akasugua kwa vidole vazi la sufu alilolifuma mavyaa wa Mama Chapa: maua mekundu, nyuzi mbili mbili, limeifunika kompyuta kuanzia utosini hadi miguuni, tundu moja tu la kuwashia.

— Uzi mzito huu. Kwani inasikia baridi?

Fundi akachungulia kikombe chake. Mstaafu akatafuta methali, asiipate. Mama Chapa akakumbuka jinsi Fundi, kila alipoibeba kwenda karakana, alivyolivua vazi lile kwanza, akalikunja kwa adabu, akaliacha kitini.

Akaingia, akalivua, akawasha. Kurasa zikaanza kutoka, moja baada ya nyingine, mpaka sahihi za mwisho. Mshonaji akazikumbatia, akakimbia.

Mama Chapa akarudi benchini, akaivika chupa ya kahawa lile vazi.

— Nani alisema feni haitoshi?

— Na mavyaa akiuliza? — Fundi akanong'ona.

— Limepewa uhamisho. Mstaafu, andika barua. Nakala kwa feni.