Mwalimu Aliyelisahihisha Shimo Jeupe

Marehemu kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Chaki, alizaliwa tarehe 9 Mei 1952 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Mama alisema alichelewa kuongea, na alipoanza hakunyamaza tena.

Alisoma shule ya msingi ya jirani, sekondari ya bweni hadi 1972, kisha chuo cha ualimu. Alifundisha fizikia kuanzia 1976 hadi 2012, katika darasa lilelile lenye dirisha lisilofungika.

Mwaka 1979 alimwoa fundi cherehani aliyemshonea koti la kazi. Shemeji alikubali kwa sharti moja: hadithi zake za vyombo vya angani ziandikwe sebuleni, si kitandani. Katika hadithi hizo wasafiri walizama kwenye shimo jeusi, linalomeza hata mwanga, wakaibuka salama kwenye shimo jeupe, ambalo hutoa tu, halipokei kitu.

Hapo ndipo alipoteleza. Mwaka 1984, akiwa amenogewa na sura ya saba ya hadithi yake, aliwaambia wanafunzi wa kidato cha nne kwamba shimo jeupe limeshaonekana angani. Kumbe hesabu zinaliruhusu tu, hakuna aliyeliona. Alipogundua kosa lake, mitihani ilikuwa imekwisha na darasa limetawanyika. Watu thelathini na wanane! Mwingine angesema yaliyopita si ndwele. Yeye aliwatafuta mmoja mmoja, kwenye saluni, gereji na maofisi, kwa miaka na miaka, akinikokota mimi mdogo wake ninayewasomea haya.

"Nilikosea," alikuwa akisema akiwa bado mlangoni. "Halijaonekana bado."

Wengi hawakukumbuka hata somo lenyewe. Nilimcheka sana, na leo najuta kidogo.

Agosti 2024 figo zilianza kumsumbua. Alikuwa amebakiza mwanafunzi mmoja tu, na alilia mbele yangu akisema atakufa amemdanganya mtoto wa watu. Tarehe 3 Februari 2025, kaka akiwa amelazwa hospitalini, binti yake alimpata mwanafunzi huyo kwa simu. Sasa ni mkunga, tena ana wajukuu.

"Mwalimu, mbona nilijua wiki ileile? Nilisoma kitabuni."

"Sasa kwa nini hukunisahihisha?"

"Ulikuwa na furaha mno. Nikasema ngoja nisubiri, huenda likaonekana. Mpaka leo huwa naulizia."

Kaka alicheka hadi muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Alifariki dunia siku mbili baadaye, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, sisi wadogo zake wawili, na darasa zima linalojua ukweli. Mkunga tunaye hapa, na ameniambia hajaacha kuulizia.

Lala kwa amani, kaka. Huna tena wa kumtafuta.