Risala ya Bibi Watega Vitendawili kwa Mgeni Rasmi, Kuhusu Kompyuta Iliyokuwa Haisikii

Mgeni rasmi, mkuu wa maktaba zetu. Wafanyakazi wa maktaba, majirani na wajukuu: tunawaamkia nyote.

KARIBU
Karibu katika chumba chetu cha nyuma. Kompyuta ile iliyofunikwa kitambaa cha kufuma ulituletea wewe mwenyewe, na hatujasahau.

TULIKOTOKA
Tulianza kwa kuwategea vitendawili watoto waliokuja maktaba kukimbia mvua. Ulipotupatia kompyuta yenye mfumo wa Linux na kipaza sauti chake, tukasema sasa tuweke sauti zetu humo, wajukuu walio mbali wasikie.

TULIYOFANIKIWA
Kuwasha na kuzima tunajua. Kitufe chekundu cha kurekodi tunakijua.

Wa kwanza kurekodi alikuwa mwenzetu Bibi Chiriku, tuliyemwita hivyo kwa kuwa mdomo wake haukuwa na mlango. Mjukuu wake wa kike haoni, yuko shule ya bweni, na kwake uso wa bibi ni ile sauti. Daktari alikwishasema koo la Chiriku litapasuliwa na sauti haitabaki. Basi Chiriku akaja kila siku, akasimulia mpaka akamaliza yote.

YALIYOTUFIKA
Kitendawili: tumemhadithia yote, hakumbuki hata salamu. Usihangaike kutupa mji, jibu liko chini ya kitambaa.

Kwetu msimulizi hakatizwi wala harudishwi nyuma kabla hajamaliza, hivyo hatukusikiliza hata kipande. Kwenye skrini palikuwa na mstari ulionyooka. Tukadhani ndivyo sauti ya mtu mpole inavyochorwa. Chiriku na upole wapi na wapi, tungeshtuka pale pale.

Alipokwisha kupasuliwa ndipo tukabonyeza tusikie. Kimya, mwanzo hadi mwisho.

Tukamwita fundi redio. Akafungua ile skrini nyeusi ya kuandikia amri, akaandika, akatikisa kichwa.

"Bibi zangu, kadi ya sauti haionekani. Mliruhusu mfumo usasishwe?"

"Kompyuta iliuliza kwa adabu, mwanangu, tukakubali."

"Basi draiva haikupatana na mfumo mpya. Draiva ndiyo mkalimani. Bila yeye kipaza sauti kinasema, kompyuta haielewi kitu."

"Kama marehemu mume wangu," akasema mwenyekiti wetu. Hakuna aliyecheka.

Fundi akaiwasha kwa mfumo wa zamani, kadi ikaonekana. Akasema "haloo," mstari ukarukaruka kama kamba ya watoto. Mgeni rasmi, leo kompyuta inasikia vizuri kabisa. Chiriku ndiye hasemi.

TUNALOOMBA
Hatuombi kompyuta nyingine. Tunaomba mtaalamu atazame tena, huenda imebaki hata pumzi yake moja humo, ingawa fundi anasema hamna.

La pili ni zito. Hatujamwambia Chiriku. Tukienda kumtazama hugusa sikio lake, yaani, mtoto amesikia? Nasi hujibu, bado, akija. Wewe ni mtu wa kusema mbele za watu. Twende wote, useme wewe.

Shule zinafungwa Ijumaa. Jana Chiriku alimtuma jirani kupanga viti viwili mbele ya kompyuta, kimoja cha mtoto, kimoja chake. Ndivyo hivyo unavyoviona. Hatukuthubutu kuviondoa.

Mungu akulinde njiani na akujalie maneno, maana sisi yametuishia.

Ni sisi,
Bibi Watega Vitendawili, chumba cha nyuma.