Kiti cha Mjukuu

Teksi yetu ilikuwa imeshawashwa pale bibi mmoja alipoingia kwa mlango wa nyuma, mkono mmoja umemshika mjukuu, mwingine umebeba kiti kidogo cha kumwinua mtoto. Akamkalisha mtoto juu ya kiti hicho, akavuta mkanda. Haukufika. "Mikanda ya nyuma yote imekwama, haivutiki zaidi ya hapo," dereva akasema.

Fundi cherehani aliyekaa mbele akageuka. "Mama, kitoe hicho. Binti wa miaka minane si mtoto mchanga." Bibi akakitoa. Mkanda ukafunga, lakini ukampita mtoto shingoni. "Unaona?" bibi akasema. "Breki moja tu, utamkaba." Fundi akatoa pini mfukoni. "Nitaubana ushuke begani, kama suruali." Bibi akamtazama. "Suruali haijawahi kumzuia mtu asirushwe, baba."

Nilishindwa kuamua upi ni afadhali, mkanda usiofika au mkanda unaokaba.

"Mama yake anaingia zamu saa kumi," bibi akasema. "Gari lijalo halitamkuta, na hawajaonana mwezi mzima. Lakini nilimwahidi mjukuu wangu hatasafiri bila kiti hiki."

Mtoto akaanza kulia. Bibi akamfungua taratibu, akashuka naye, akakichukua na kiti.