Mpaka Mwangoza

Wasikilizaji wapendwa, leo nazungumza nimesimama. Kiti changu kipo, nimekisukuma ukutani, maana kila nikikaa nainuka. Fundi mitambo wetu, Anold, ananionyesha kwa mkono nyuma ya kioo kwamba nisogee karibu na kipaza sauti. Nimesogea, Anold. Nivumilie.

Mimi ni Mwanasiti, mnanijua. Kwa kawaida kipindi hiki kinamkumbuka mtu mmoja. Leo tunamkumbuka mtu mmoja na jimbo moja. Mtu ni Mama Praxeda Zabron, aliyekuwa karani wa kata, aliyefariki Jumanne akiwa na miaka sitini na saba. Tumemzika jana. Jimbo ni Jimbo la Kilongo. Usilitafute kwenye ramani ya leo, halimo. Lilikufa kabla yake, na yeye aliamini kwamba ndiye aliyeliua.

Aliamini hivyo kwa sababu ya neno moja. Narudia: neno moja. Na sehemu ya kosa hilo ni yangu, ndiyo maana kukaa kumenishinda.

Niko hapa studio na Luka, mwanawe wa pekee, fundi pikipiki. Ametoka msibani kuja hapa, na nywele amezinyoa jana. Karibu, Luka. Ameitikia kwa kichwa, wasikilizaji.

Wengi mlioko mjini, Usagara na kwingineko, Kilongo hamkuijua. Lilikuwa jimbo la vijijini. Upande wa juu, chini ya milima ya Amani, kulikuwa na kambi za mkonge, watu waliotoka Songea na Kigoma, na vigango na sharika zao. Upande wa chini vijiji vya pwani, minazi, misikiti midogo, na njia ya vumbi inayokwenda Moa. Watu wa juu walishusha maharage, watu wa chini wakapandisha samaki na nazi. Kampeni zikija, mgombea alikula ugali kwa watu wa juu asubuhi, wali wa nazi kwa watu wa chini mchana, na kote kuwili aliahidi daraja. Daraja lilelile. Sisi hatukuliona mpaka leo.

Mama Praxeda alizaliwa huko juu, kambini. Baba yake, Mzee Zabron, alikuwa mkata mkonge. Mwenyewe alinisimulia, na naomba mlishike hili kwa sababu tutalirudia. Alisema: "Kambini nyapara akimwambia baba, 'Kata mpaka mstari wa saba,' basi wa saba hugusi. Wa saba ni wa mwenzio. Ukiufikia, unasimama. Baba aliwahi kuugusa, wakapigana na jirani yake mpaka damu." Hivyo ndivyo Praxeda alivyolijua neno mpaka tangu utotoni. Mpaka ni pale unaposimama.

Alisoma, akajua kuandika vizuri, akawa karani wa kata. Hati yake ilikuwa safi, herufi zimesimama kama wanafunzi mstarini. Watu walimpenda kwa sababu hakuwazungusha. Ukienda na shida yako aliiandika palepale, akakusomea, akakuuliza, "Ndivyo ulivyosema?" Narudia, alikusomea. Karani gani siku hizi anakusomea?

Sasa tufike mwaka elfu mbili na nne. Walikuja maafisa watatu kupitia upya mipaka ya majimbo. Mkutano ulifanyika shuleni, saa nne asubuhi, chumba kimejaa hadi madirishani. Mama Praxeda alikaa mbele na daftari la mihtasari. Mimi nilikaa pembeni, mtangazaji mpya, kinasa sauti cha kanda mapajani, najiona mkubwa. Wazee wa pwani walimchagua Mzee Idarusi awasemee. Mzee Idarusi alikuwa mkulima wa minazi, mtu wa maneno matamu na kofia iliyoshonwa kwa mkono. Binti yake Saleha alikuwa ameolewa kijiji cha Mwangoza, kijiji cha mwisho cha Kilongo upande wa kaskazini.

Afisa akamuuliza, "Mzee, Kilongo yenu inafika wapi?"

Mzee Idarusi akajibu. Watu wakacheka. Mama Praxeda akaandika. Aliandika neno "Mpaka", akaweka nukta mbili, akaandika "Mwangoza". Basi.

Mkutano ulipokwisha alisimama akasoma muhtasari wote kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi yake. Alipofika pale akasoma, "Mpaka Mwangoza." Chumba kizima kikaitikia, "Ndivyo!" Wakapiga makofi. Kwa nini wasiitikie? Nukta mbili hazina sauti. Mtu wa pwani akikwambia watu wake wapo mpaka Mwangoza, Mwangoza imo ndani, na wewe ukisema haimo atakushangaa. Lakini yule afisa alichukua karatasi, hakuchukua sauti zetu. Kwenye karatasi Mwangoza ilikuwa mpaka. Mstari ukachorwa huku kwetu, na Mwangoza ikabaki kule.

Na mimi? Mimi nilirudi kituoni na kanda yangu. Nilipewa dakika tatu za taarifa. Nikaichukua sauti ya Mzee Idarusi, nikaikata ilipofika neno Mwangoza, kwa sababu kilichofuata kilikuwa utani na kicheko, nami niliona utani hauna kazi kwenye taarifa ya habari. Ikarushwa hewani saa mbili, saa saba na saa kumi na mbili. Mara tatu, wasikilizaji. Mzee anasema "mpaka Mwangoza", ananyamaza.

Mwaka uliofuata ukaja uchaguzi. Watu wa Mwangoza wakaenda shuleni kupiga kura, palepale walipozoea. Wakaambiwa majina yenu hayapo hapa, nendeni jimbo la pili, ng'ambo ya mikoko. Saleha alikuwa na mimba ya miezi minane. Alitembea na wenzake, maji ya bahari yalikuwa yamejaa kwenye kivuko, wakasubiri yapungue. Walipofika, kituo kimefungwa. Alirudi na kadi yake mkononi, miguu imevimba. Mkwewe alimtazama akamwambia neno ambalo Saleha amenisimulia kwa simu juzi, na sauti yake ilikuwa bado inauma: "Babako katuuza. Tulimsikia redioni kwa masikio yetu."

Redioni. Mnasikia? Redioni kwangu.

Tangu siku hiyo Mzee Idarusi aliitwa muuza watu. Alialikwa harusini mwisho mwisho, akakaa peke yake. Mkewe alipofariki, kutoka Mwangoza hakuja mtu kwenye khitma isipokuwa Saleha. Yeye mwenyewe hakujua alikosea wapi. Alikuwa akiwaambia, "Jamani, nilisema mpaka Mwangoza." Na wao wanamjibu, "Ndiyo, ulisema." Hapo ndipo mazungumzo yalipokwama kwa miaka na miaka.

Bila Mwangoza na vitongoji vyake, Kilongo ikapungukiwa watu. Kabla ya uchaguzi wa elfu mbili na kumi ikavunjwa, nusu ikaungwa kusini, nusu magharibi. Barua ya kuvunja jimbo ilifika ofisi ya kata, na nyuma yake imebanwa nakala ya ule muhtasari. Mama Praxeda akauona mwandiko wake. Akaziona nukta zake mbili.

Luka, sema kidogo mama alivyokuwa baada ya hapo.

"Hakusema tena mpaka," Luka anasema. "Lile neno aliliacha kabisa. Akinituma anasema, nenda hadi dukani, na dukani penyewe uingie. Nilikuwa namcheka. Nilidhani ni uzee unaanza."

Aliandika barua za kusahihisha. Alijibiwa kwamba muhtasari ulisomwa na wananchi wakaukubali. Ni kweli, ulisomwa. Ikabaki kumwambia Mzee Idarusi mwenyewe. Alikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza alikuta wageni. Mara ya pili alikaribishwa chai na mkate wa kumimina, akala, akaaga. Mara ya tatu alijipa moyo, akafungua mdomo, na mzee akamtangulia: "Mama Luka, wewe ndiye mtu pekee wa serikali anayekuja kunijulia hali. Mungu akulipe." Alitoka pale akalia njia nzima.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikuja hapa kituoni. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akakaa, mkoba magotini, akanieleza yote haya niliyowaeleza. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, ile kanda unayo?" Maana yeye alikumbuka kile kicheko. Alikumbuka kwamba mzee aliongeza neno, na yeye hakuliandika kwa sababu mihtasari haiandikwi utani. Nikamwambia, mama, kwa nini usimwambie tu mzee, nikusindikize? Akasema: "Nikimwambia chumbani atanisamehe, na yataishia chumbani. Yule mzee aliaibishwa mbele ya watu. Asafishwe mbele ya watu. Mimi nitasema redioni kwamba kalamu ilikuwa yangu, na wewe utamwacha mzee amalizie sentensi yake."

Amalizie sentensi yake. Nikamwahidi nitaitafuta kanda. Na kuitafuta niliitafuta, wasikilizaji, lakini kivivu. Leo nina kazi, kesho nina safari, keshokutwa ni sikukuu. Alipiga simu mara nne. Mara ya nne sikupokea. Niliona jina lake kwenye simu na sikupokea, kwa sababu niliona haya. Jumanne moyo wake ukasimama akiwa anapepeta mchele. Nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yangu.

Jana kutoka makaburini sikurudi kazini. Nilikwenda nyumbani kwa marehemu mama yangu, Usagara, nikafungua maboksi sita. La sita lilikuwa nayo. Nimeandika juu yake kwa kalamu ya bluu: Kilongo, mipaka. Anold ameisafisha tangu asubuhi.

Kabla ya kuja hewani nimempigia Saleha. Anamtunza baba yake, aliyemhamishia kwake huko huko Mwangoza, katika nyumba ambayo majirani wengi hawaisalimii. Mzee ana miaka themanini na sita na masikio yamekuwa mazito. Nimemwuliza kama amemweleza. Akasema, "Sijamwambia kitu. N'tamsogezea redio sikioni. Kanda isipolia, itakuwa mara ya pili mnamkata."

Luka ameomba aseme kwanza neno la mama yake. Sema, Luka.

"Mzee Idarusi, shikamoo. Mimi ni mtoto wa Praxeda. Mama aliandika vibaya. Wewe ulisema vizuri, mama akaandika vibaya. Alitaka kukwambia mwenyewe."

Na mimi Mwanasiti nilikata vibaya. Anold, weka.

"…Mzee, Kilongo yenu inafika wapi?"

"Kilongo yetu ni kutoka pwani huku mpaka Mwangoza. Mwanangu kaolewa kuko, n'tamwata wapi?"

Mmesikia kicheko hicho? Mmesikia na mwanamke anayecheka karibu kabisa na kinasa sauti? Luka amejifunika uso. Ni mama yake. Alicheka huku anaandika.

Anold, rudia. Hapana, usikate, rudia yote na kicheko chake.

"…mpaka Mwangoza. Mwanangu kaolewa kuko, n'tamwata wapi?"

Watu wa Mwangoza, mzee hakuwauza. Aliuliza atamwacha wapi mwanawe, yaani alimtaja akiwa ndani ya Kilongo, nanyi pamoja naye. Miaka ishirini na zaidi mmemnunia mtu kwa sentensi niliyoikata mimi. Jimbo halirudi, najua. Mstari uliochorwa umechorwa. Lakini salamu zinarudi. Nyumba ya Saleha mnaijua, mlango uko wazi saa hizi.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Luka na ukoo wote wa Zabron, kwa kigango chao, na kwa wote waliowahi kusomewa na Mama Praxeda maneno yao kabla hajayafunga daftarini. Mungu amlaze pema. Na wewe unayenisikiliza, ukiwa umeshika kalamu, au simu, au kipaza sauti kama mimi, mfikirie leo mtu mmoja ambaye ulimkatiza. Kama yu hai, usingoje kama nilivyongoja mimi.

Anold ananionyesha simu. Ni Saleha? Muunganishe. Halo, Bi Saleha, uko hewani.

"Mwanasiti, baba kasikia. Mara ya kwanza kauliza nani huyo anayesema. Mara ya pili kataka kanzu yake. Keshaivaa, yuko mlangoni, anataka kwenda kuhani msiba kwa yule mama. Anauliza matanga ni mpaka lini."

Luka, mjibu.

"Mpaka Jumapili," Luka anasema.

"Subiri nimwambie." Tunasikia anamwambia babake kwa sauti kubwa. Tunasikia mzee anasema kitu. "Mwanasiti, baba anauliza, na Jumapili yenyewe imo?"

Imo, mzee. Luka anasema imo. Jumapili imo.