Dawa Aliyoificha Mpiga Ngoma wa Mhunze

Wasikilizaji wapendwa, aliyewahi kufika Mhunze wakati wa ngoma za mavuno anamjua tunayemkumbuka leo. Ni Marselino Makoye, mpiga ngoma wa kundi la Bagika. Vidole vyake ndivyo vilivyompa jina.

Mwaka 1984 alipata saratani ya tezi. Huko Mwanza akaanza kutundikiwa dripu za dawa kali. Uvimbe wa shingoni ukanywea, lakini vidole vikafa ganzi. Hata kufunga vifungo vya shati kukamshinda. Wapinzani wao, Bagalu, wakapata la kuimba: “Makoye sasa anapiga kwa viwiko!”

Mchimbaji mmoja wa Nyarugusu akamletea kopo la vitamini. “Hizi zinazuia ganzi, mzee.”

Marselino akazimeza kwa konzi. Tena kwa siri, maana mcheza ngoma wa kwetu hatangazi dawa yake, wapinzani wasije wakaizima nguvu. Kopo akalificha ndani ya ngoma iliyopasuka. Ganzi ikashuka hadi nyayoni, akawa anapepesuka kama mlevi. Akaapa: dripu basi! Afadhali afe na vidole vyake.

Mkewe, Theopista, aliisogeza ile ngoma afagie, akasikia kitu kinachakacha. Akambeba mumewe na kopo lake hadi kwa daktari.

“Mama Donatus! Dawa ya ngoma haionyeshwi!”

“Kwani daktari naye ni Mgalu? Mnashindana naye?”

Daktari alicheka, kisha akatazama kopo, kicheko kikakoma. Alisema hajui kidonge cha uhakika cha kuzuia ganzi ile, na kwamba vitamini hiyo ikizidishwa, yenyewe huumiza neva. “Acha konzi hizi. Nami nitapunguza dawa moja kwenye dripu. Ila tiba usiikimbie, mzee wangu.”

Hakuikimbia. Alimaliza tiba, wasikilizaji. Alimaliza! Ganzi ikalegea polepole.

Mavuno ya 1986, Bagalu wakaimba tena wimbo wao wa viwiko. Marselino akainua vidole vyote kumi, akavishusha kwenye ngozi.

“Watazamaji wao walihamia kwetu,” anasimulia Theopista. “Bagalu wakabaki wanachezeana ngoma wenyewe kwa wenyewe!”

Marselino amefariki wiki iliyopita kwa ugonjwa wa moyo. Saratani haikurudi kamwe. Pole sana Mama Donatus, poleni watoto, poleni Bagika, na Bagalu pia, maana wanamlilia.

Nawe unayetusikiliza, jiulize: ni kopo gani umemficha daktari wako? Litoe umwonyeshe. Naye si Mgalu.